Oili Imekwenda Wapi?

Mafundi wenzangu, madereva, na ninyi wenye magari mliokubali kukaa chumba kimoja na mafundi, hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie injini zinazokula oili. Nianze na mama mmoja aliyeniletea gari lake miaka mingi iliyopita, nilipokuwa bado kijana gerejini. Gari lilikuwa linatoa moshi wa buluu, na kila baada ya wiki mbili alikuwa anaongeza oili. Niliutazama ule moshi mara moja tu, nikamwambia ringi za pistoni zimekwisha. Hakuuliza, maana mimi ndiye niliyekuwa naitwa fundi. Tulishusha injini, tukaweka ringi mpya, gasketi mpya, sili mpya. Akalipa pesa alizozikusanya kwa miezi. Wiki tatu baadaye alirudi, na moshi ni uleule.

Ugonjwa ulikuwa kwenye valvu ya PCV, ile inayotoa gesi kwenye tumbo la injini. Ni kipande kidogo kinachoenea kiganjani, nacho kilikuwa kimekwama kikiwa wazi, kinanyonya oili kutoka tumbo la injini na kuimimina kwenye njia ya hewa. Kukibadilisha ni kazi ya dakika 10. Yule mama hakunigombeza. Alikaa kwenye benchi, akauliza polepole, "Kwa hiyo hukujua?" Sauti yake ninayo mpaka leo, na ndiyo iliyonileta mbele yenu.

Tangu siku ile, kabla sijashika spana, najiuliza: oili imekwenda wapi? Haiyeyuki yenyewe. Ama imevuja ikatoka nje, ama imeingia kwenye silinda ikaungua. Mara chache sana inapita kwenye gasketi ya silinda hedi au kipoza-oili kilichotoboka, ikaingia kwenye maji ya rejeta, na hapo utaiona inaelea juu ya maji kama krimu. Injini ya kawaida haina njia nyingine. Kazi yetu ni kujua ni ipi, na fundi anayetaja dawa kabla ya kujua hilo anacheza bahati nasibu kwa pesa ya mtu mwingine.

Lakini hata swali la wapi lina mkubwa wake, nalo ni kiasi gani. Ukimwuliza mwenye gari, atakwambia "inakula sana". Sana ni ngapi? Wengi hawajui, na si kosa lao, kwa sababu sisi mafundi hatujawafundisha kupima. Nitakaa hapa kidogo, kwa kuwa hapa ndipo injini nyingi zinapookolewa.

Egesha gari mahali tambarare ambapo utaweza kurudi tena. Injini iwe imepata moto, izime, subiri dakika 10 oili iteremke yote kwenye sampo, bakuli lililo chini ya injini. Vuta dipstiki, ifute, irudishe mpaka mwisho, ivute tena. Ongeza oili kidogo kidogo hadi ifike alama ya juu, isiipite. Andika kilomita zilizo kwenye dashibodi. Kisha endesha maisha yako ya kawaida, kilomita 1,000, huku ukichungulia kila kilomita 200 au 300 isije ikashuka chini ya alama ya chini. Zikitimia, rudi palepale, subiri dakika zilezile 10, na urudishe oili kwenye alama ya juu kwa kutumia jagi lenye vipimo. Kiasi ulichomimina, pamoja na chochote ulichoongeza njiani, ndicho injini ilichokula. Sasa una namba.

Namba hiyo ina maana gani? Kila injini inakula kidogo, hata ikiwa mpya. Ringi huacha utando mwembamba wa oili kwenye ukuta wa silinda ili chuma kisisage chuma, na sehemu ya utando huo huungua pamoja na mafuta. Baadhi ya watengenezaji huandika kwenye vitabu vyao kwamba hata lita 1 kwa kilomita 1,000 inakubalika. Mimi naiona hiyo ni huruma iliyozidi, tena ni huruma kwa mtengenezaji, si kwa mwenye gari. Injini nzima hutoka servisi moja hadi nyingine bila kuongezwa kitu au ikiongezwa kidogo tu. Ikifika nusu lita kwa kilomita 1,000, mimi naanza uchunguzi.

Fanyeni hesabu. Chukua injini inayobeba lita 4, inakula lita 1 kila kilomita 1,000, na mwenyewe amezoea kufungua boneti siku ya servisi tu, baada ya kilomita 5,000. Kwenye kilomita ya 3,000 imebaki lita moja. Servisi haitafikiwa. Na msiitegemee ile taa nyekundu yenye picha ya kopo. Katika magari mengi taa ile inaangalia presha ya oili, haiangalii kiasi. Ikiwaka, maana yake pampu imeshaanza kuvuta hewa na beringi zimeshakauka. Zima injini pale pale, hata kama umebakiza mita mia ufike nyumbani.

Kuna mitego miwili katika kupima. Wa kwanza ni kujaza kupita alama. Mtu anapima mara tu baada ya kuzima, oili nyingi bado iko juu ya injini, anaona kijiti kikavu, anaongeza lita nzima. Sasa imezidi. Krankshafti, mhimili unaozungushwa na pistoni, inaipiga mpaka inatoa povu, mvuke wake unanyonywa na PCV, inaungua, na mwenyewe anaapa gari linakula oili. Anayeilisha kupita kiasi ni yeye. Wa pili ni gari la safari fupi fupi. Injini isiyopata moto wa kutosha huacha petroli ichuruzike kwenye oili, hivyo kiwango kwenye dipstiki kinaonekana hakishuki, wakati nusu ya upungufu umefunikwa na petroli. Siku anapokwenda safari ndefu, petroli inakuwa mvuke, na oili "inapotea" ghafla. Ukinusa dipstiki ukasikia harufu ya petroli, usiamini kiwango unachokiona.

Niliposema injini ya kawaida, nilichagua neno. Injini ya rota, kama ile ya Mazda RX-8, hudungiwa oili makusudi ili kulainisha sili za rota, nayo huungua. Hiyo ndiyo namna ilivyoundwa. Akija nayo mteja, mfundishe kuongeza, usimfungulie injini.

Tukishapata namba, tunaanza na nje. Uvujaji ndio rahisi kuliko yote, na ajabu ni kwamba ndio tunaouruka. Osha injini, ikaushe, iendeshe, kisha itazame kuanzia juu kwenda chini. Oili hufuata mteremko, na gari likikimbia upepo huisukuma nyuma, kwa hiyo tone unaloliona chini ya gia boksi huenda limezaliwa kwenye gasketi ya kifuniko cha valvu. Angalia filta ya oili: mara nyingine mpira wa filta ya zamani hubaki umeng'ang'ania, mpya inafungwa juu yake, na mipira miwili haikai. Angalia washa ya nati ya kumwagia oili, swichi ya presha, sili za mbele na nyuma za krankshafti. Msiridhike kwa kuwa sakafu ni kavu. Kuna uvujaji unaotoka tu injini ikiwa ya moto na inazunguka, oili inadondokea ekzosi na kuungua huko huko njiani. Ukishindwa kwa macho, kuna rangi maalumu ya kutia kwenye oili ambayo hung'aa ukiimulika kwa taa ya UV. Ni njia nzuri, na haimwongopei mtu.

Ila mkiona injini inavuja kila mahali kwa mpigo, msikimbilie kununua sili. Injini inayovuja sehemu tano kwa mwezi mmoja ina presha tumboni. Gesi kidogo hupita pembeni ya pistoni kila mlipuko, na kazi ya PCV ni kuiondoa. Ikiziba, gesi inajaa na kuisukuma oili itoke popote penye udhaifu. Jaribio lake ni dogo: injini ikiwa inaunguruma taratibu, fungua kifuniko cha kujazia oili, funika tundu kwa glavu nyembamba ya mpira. Kwenye injini nyingi za petroli, ikinyonywa kidogo kuingia ndani, mambo ni mazuri. Ikivimba kama puto, hewa haitoki inakotakiwa. Ikinyonywa kwa nguvu kiasi cha kutaka kumezwa, valvu au kiwambo chake kimefunguka, na hapo ndipo alipokuwa yule mama.

Kama nje ni kukavu, oili inaungua. Sasa tunasoma moshi, na hapa naomba tuwe na subira, maana rangi peke yake haitoshi. Mweusi ni mafuta yaliyozidi. Mweupe mzito usiokoma hata injini ikipata moto ni maji. Wa buluu ndio oili. Hayo kila mmoja anayajua. Kinachotofautisha fundi na mpita njia ni kuuliza unatoka wakati gani.

Ukitoka asubuhi tu, injini inapowashwa baada ya kulala, kisha ukapotea, tazama sili za valvu. Ni vipira vidogo vinavyokaa kwenye shina la kila valvu. Kwa joto na umri hukakamaa, na usiku kucha oili huteremka tone kwa tone ikisubiri cheche ya kwanza. Ukitoka baada ya kushuka mteremko mrefu mguu ukiwa umeachia mafuta, halafu ukakanyaga na wingu likaonekana nyuma, bado tuko kwenye valvu, sili zake au mirija inayoziongoza, kwa sababu wakati ule injini ya petroli hunyonya kwa nguvu kubwa kupita wakati wowote. Ukitoka unapopanda mlima na mzigo, mfululizo, ndipo naanza kufikiria ringi. Gari likiwa na turbo, fungua bomba la kwenda kwenye kipoza hewa: unyevunyevu wa oili ni kawaida, dimbwi si kawaida. Lakini kabla hujailaani turbo, hakikisha bomba lake la kurudishia oili halijaziba na tumbo la injini halina presha, la sivyo utafunga turbo mpya nayo itavuja vilevile.

Na moshi usipoonekana kabisa? Msilifutie gari kesi. Yale masega yaliyo ndani ya ekzosi, yanayosafisha moshi, huweza kuunguza mvuke wa oili usionekane, huku yenyewe yakifa polepole. Fosforasi na zinki zilizomo kwenye oili hufunika uso wake na kuyanyima kazi. Kwa hiyo injini inayokula oili kimya kimya inaandaa ubovu mwingine wa gharama kubwa nyuma yake.

Kisha toeni plagi, mzipange kwa mpangilio wa silinda zake. Mie naipenda hatua hii kuliko zote. Plagi iliyolowa oili, nyeusi, yenye masizi magumu, inakutajia silinda mgonjwa. Zikiwa zote zimelowa sawasawa, sababu ni ya jumla, na PCV inarudi kwenye orodha. Ikiwa moja tu, tafuta ugonjwa palepale. Lakini angalieni ncha, sio kiuno. Plagi iliyolowa juu, kwenye kauri na uzi, huku ncha ikiwa kavu, imelowa kutoka nje, kwenye sili ya shimo la plagi iliyo kwenye kifuniko cha valvu. Hiyo haijaungua hata tone, na nimeona injini ikifunguliwa kwa sababu yake.

Baada ya hapo pima kompresheni, yaani jinsi kila silinda inavyobana hewa. Plagi zote zitoke, mafuta na cheche vikatwe, njia ya hewa iwe wazi kabisa, betri iwe na nguvu. Silinda zisipishane sana. Iliyo chini, itie kijiko kimoja cha oili kupitia tundu la plagi na upime tena. Ikipanda, oili imeziba kwa muda pale ringi zilipoachia. Isipopanda, uvujaji uko kwenye valvu au gasketi. Mwenye kompresa na geji ya kupima uvujaji ana njia bora zaidi: aipe silinda hewa pistoni ikiwa juu na valvu zimefunga, kisha asikilize. Hewa inayopumua kwenye tundu la dipstiki imepita ringi. Inayotoka ekzosi imepita valvu ya moshi. Inayotoka kwenye njia ya kuingizia hewa imepita valvu ya kuingiza. Mapovu kwenye rejeta ni gasketi ya hedi au ufa.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa mafundi wazuri huteleza. Kompresheni inaweza kuwa nzuri kabisa, silinda zote, na bado ringi ndizo zenye makosa. Pistoni ya kawaida ina ringi tatu. Mbili za juu zinabana gesi. Ya tatu, ya chini, kazi yake ni kukwangua oili ukutani na kuirudisha tumboni kupitia vitundu au mifereji midogo nyuma yake. Geji ya kompresheni haiijui ringi hiyo. Masizi ya oili iliyochoka yakijaa kwenye vitundu na kuigandisha, oili haina pa kurudi, inapanda na kuungua, wakati zile mbili za juu zinabana kama mpya. Mfano unaojulikana ni injini ya Toyota 2AZ-FE ya lita 2.4: nyingi zilianza kula oili zikiwa bado na nguvu zake, na dawa aliyoitoa mtengenezaji ilikuwa pistoni na ringi za muundo uliobadilishwa. Ukiwa na injini inayovuta vizuri, kompresheni safi, nje kavu, PCV nzima, na bado inakula, mshuku huyu.

Ringi iliyoganda siyo lazima iwe imelika, na hilo linatupa nafasi moja kabla ya kushusha injini. Kuna dawa za kulowesha pistoni. Humiminwa kwenye silinda kupitia matundu ya plagi, huachwa usiku mzima au zaidi, injini ikizungushwa kwa mkono kidogo kidogo. Kabla ya kurudisha plagi, zungusha kwa stata huku matundu yakiwa wazi ili kimiminika chote kirushwe nje. Ukisahau, pistoni itakutana na kitu kisichobanika na itapinda mkono wake. Kisha badilisha oili na filta, kwani uchafu wote umeteremkia huko, na pima tena kilomita 1,000. Mara nyingine namba inashuka kwa nusu. Mara nyingine haisogei. Mwambie mteja hivyo kabla hujaanza.

Kuhusu chupa zinazoahidi kuzuia moshi, na ushauri wa "weka oili nzito", msimamo wangu ni huu. Oili nzito inaweza kupunguza ulaji kwenye injini iliyochakaa, sikatai, na kama kitabu cha gari kinaruhusu unene zaidi ya mmoja, chagua ulio mzito kati ya hivyo. Lakini kuivuka ruhusa hiyo kwenye injini yenye njia nyembamba za oili ni kuinyima oili asubuhi, wakati inapoihitaji kupita wakati wote. Chupa ya kuzuia moshi inaondoa moshi machoni mwa mnunuzi wa gari. Mimi siweki, na namwomba kila kijana aliye hapa asiweke.

Ikibidi kufungua, fungueni kikamilifu. Ringi mpya kwenye silinda iliyolika ikawa na umbo la yai hazitaziba, hata ziwe za bei gani. Pima silinda juu, katikati na chini, kwa pande mbili. Pitisha mawe ya honi, yale ya kusugulia ukuta wa silinda, mpaka michirizi ipishane vizuri, kwa sababu mle ndimo oili inamokaa na ringi mpya zinamojisaga zikae. Osha kwa maji moto na sabuni hadi kitambaa cheupe kitoke cheupe. Vumbi la honi likibaki litakula ringi mpya kwa wiki chache. Pima mwanya wa kila ringi ikiwa ndani ya silinda, alama iangalie juu, na nafasi za ringi zisipangane mstari mmoja. Halafu injini isiachwe ikiunguruma bure kwa masaa. Ringi huhitaji mzigo wa kiasi ili zikae. Bila hivyo ukuta unang'aa kama kioo na utaanza upya. Na uliza kwa nini ringi ziliisha. Mara nyingi jibu ni eya klina iliyopasuka au bomba la hewa lililolegea, vumbi likaingia.

Wenye dizeli za turbo, neno moja la usalama. Turbo ikipasuka sili na kumwaga oili nyingi kwenye njia ya hewa, injini inaweza kuifanya oili yake mwenyewe kuwa mafuta, ikapaa mizunguko hata ufunguo ukizimwa. Usisimame karibu nayo. Kinachoizima ni kukosa hewa. Ukiona turbo inatoa moshi wa buluu na kupiga mluzi, usisubiri mwisho wa mwezi.

Si kila injini inayokula lazima itibiwe. Gari la zamani linalokula lita 1 kwa kilomita 2,000, halina moshi, halivuji, mwenyewe ana nidhamu ya kuvuta dipstiki kila wiki: mimi namwambia aendelee kuongeza na kuandika. Hilo pia ni jibu la kitaalamu. Ninachowasihi wenye magari ni kutuambia ukweli. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, nami nimepokea magari mengi yaliyoongezwa oili kwa siri miaka miwili, mwenyewe akiona aibu kusema. Hakuna aibu. Leta tarehe, leta kilomita, leta kiasi.

Huko nje kuna gari jeupe lililoegeshwa chini ya kivuli. Mwenyewe yuko nasi, na amenipa daftari lake. Kilomita 1,000 zilizopita alijaza mpaka alama ya juu. Asubuhi hii tumerudisha kwa jagi, lita 0.7. Chini ni kukavu. Plagi tatu ni kavu, ya silinda ya tatu imelowa ncha. Moshi anauona asubuhi tu. Sijagusa kingine chochote, na sijamwambia ninachokifikiria. Chukueni glavu, tutoke, mniambie ninyi.